Kete Zilizomponyoka Mzee

Juzi, katika hospitali moja hapa Morogoro, nilimtazama binti wa chuo aliye kwenye mafunzo ya kutibu wagonjwa kwa michezo. Alikuwa akicheza bao na mzee wa Uluguru aliyepata kiharusi. Mzee alitakiwa achote kete kwa mkono wake dhaifu. Kila zilipomponyoka, binti aliziokota haraka na kumwekea shimoni.

Msimamizi akaja na fomu. “Kete zote amechota mwenyewe? Kama ameweza, kesho anarudi kwake mlimani.”

“Ndiyo,” binti akasema, macho chini.

Njia ya huko naijua: ni mwinuko wenye utelezi, unaupanda kwa kushika mizizi kwa mikono yote miwili. Nilitaka kusema, nikanyamaza.

Kalamu ilishagusa karatasi binti alipomshika msimamizi kiwiko. “Samahani, nilimsaidia. Ni mtu mzima, niliona aibu kumwacha ahangaike.”

Mzee akamtazama. “Mjukuu wangu, ulikuwa unaniua kwa adabu.”

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Binti angalau alisema. Mimi niliona kila kete, nikakaa na adabu zangu.