Mbwa wa Kijivu Aliyengoja Jina

Jirani yangu ana mbwa, na kila jioni humwita kwa sauti ndefu inayopita juu ya migomba yangu. Akianza tu kuita, mimi huacha ninachofanya. Kama napepeta mchele, ungo unasimama. Wajukuu wamezoea, hunicheka wakisema bibi naye ameitwa. Siwakatazi. Sauti hiyo hunirudisha Matema, kando ya ziwa, wakati wa Mjerumani, kwenye uwanja wetu chini ya milima, ambako tulikuwa na mbwa asiye na jina.

Baba alimleta kutoka gulio la Lyulilo, akiwa mdogo wa kushikwa kwa mkono mmoja. Alikuwa amekwenda na mtumbwi uliojaa vyungu vya mama, maana mama alikuwa Mkisi, mfinyanzi, naye baba akarudi na mahindi, chumvi na kitoto cha mbwa cha kijivu, kama jivu la mafiga likishapoa. Mama alitazama chumvi, akatazama mbwa, akauliza ni chungu kipi kilichogeuka kikabweka. Baba akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema.

Siku hiyohiyo tukaanza kumtafutia jina. Kaka yangu Ambakisye alitaka aitwe Fula, yaani mvua, kwa sababu ya rangi ya mawingu. Bibi, mama yake baba, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Jina la babu lilikaribiana mno na neno hilo, na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Mnisamehe, hata mimi silitaji hapa, kwa heshima ya mama. Mvua yenyewe mama aliiita "maji ya juu". Tena haikuwa jina tu, hakutakiwa hata kuonana na babu. Babu akipita njiani, mama aliingia migombani na kumpa mgongo mpaka apotee. Sisi watoto tulidhani dunia nzima inaishi hivyo.

"Mbwa ambaye mama yenu hawezi kumwita, atalishwa na nani?" bibi alituuliza.

Tulikuwa bado tunabishana vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipokuja. Askari walipita na jumbe wakichukua wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Baba alichukuliwa pamoja na rafiki yake Anangisye, asubuhi, mama akikanda udongo. Mbwa aliwafuata mpaka mtoni, baba akamrudisha, akatuambia mimi na Ambakisye: "Msimpe jina. Nitampa mimi. Nitamwita kwa jina la mahali pa mbali kuliko pote nitakapofika, ili watu wakisikia wajue mwenye mbwa ametembea."

Tukangoja. Mbwa alikua bila jina. Tulimwita "wewe", naye akawa anaitikia "wewe" ya kila mtu, hata pale bibi alipomgombeza Ambakisye. Kila siku nilikwenda kukaa njiani kutazama. Niseme kweli, nililingoja jina kuliko nilivyomngoja baba. Baba nilijua atarudi. Jina ndilo sikulijua.

Mvua zilikuja zikapita, mpunga ukavunwa. Siku moja mchana akaja Anangisye, peke yake, amekonda hata sikumtambua mpaka aliposalimu. Alikwenda moja kwa moja kwa babu, kama ilivyompasa.

"Ugonile, tata," alimwamkia kwa heshima, akaketi.

Watoto tukafukuzwa. Mama hakuweza kuingia alipo babu, basi alisimama nyuma ya uzio wa matete, mikono imejaa udongo, akisikiliza. Hakuna aliyelia. Jumbe alikuwa amekataza kuwalilia wapagazi, kwa sababu kilio kikisikika kijiji kimoja, wanaume wa vijiji vingine hukimbilia milimani. Hilo sikulijua wakati ule. Niliona tu watu wazima wamenyamaza, nikadhani ni adabu.

Mama akaniita kwa kidole. "Ingia ndani. Muulize Anangisye, ni wapi."

"Ni wapi nini, mama?"

"Muulize hivyohivyo."

Nikaingia, nikapiga magoti, nikauliza. Anangisye alimtazama babu kwanza. Babu alikuwa anatazama chini.

"Lupembe," Anangisye akasema. "Mwambie ni Lupembe, ng'ambo ya Ukinga, kule kwenye baridi. Mwambie mwenzangu hakufika mbali zaidi ya hapo."

Nilitoka mbio nikimpita bibi mlangoni. "Mama, jina limefika! Ni Lupembe!" Ambakisye akamkamata mbwa, tukamnong'oneza jina lake sikio hili na lile, kisha tukazunguka uwanja tukiliimba. Niliamini jina limetangulia kwa miguu ya Anangisye, na baba yuko nyuma kidogo, labda kachoka, labda keshafika kwenye kivuko cha mto.

Mama alibaki amesimama palepale. Bibi akatoka, mikono kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Wanyamazishe. Mbwa hapewi jina la mahali kama pale."

"Mume wangu alisema ataleta jina," mama akajibu. "Limekuja. Aitwe hivyo."

Akarudi kwenye chungu alichokiacha, akaendelea kukilainisha kwa gunzi la mahindi. Alikilainisha mpaka udongo ukawa mwembamba mno upande mmoja, kikabonyea. Akakikanda upya.

Kuanzia jioni ile, mama ndiye aliyemwita mbwa. Alishuka mpaka kwenye mchanga wa ziwa, akasimama akiielekea milima, akaita, "Lupembe! Lupembeee!" kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Mara nyingi mbwa alikuwa miguuni pake, akimtazama, asielewe anatakiwa aje wapi tena. Mama aliita vilevile. Majirani walitoka milangoni, wakasikiliza, wakarudi ndani. Hata jumbe alipita siku moja, akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Hapakuwa na amri ya kumzuia mtu kumwita mbwa wake.

Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia baba amekufa. Nilikuja kujua kidogo kidogo, mpaka ikawa najua tu, na sikuhisi kitu. Nilijaribu kulia nikiwa peke yangu ziwani, nikajifinya hata mkono, machozi hayakuja. Nyumba nzima ilikuwa imekufa ganzi. Tulikula, tukalima, tukakusanya nyasi za kuchomea vyungu, na mtu akituuliza habari tulisema nzuri.

Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza. Mbwa akazeeka, kijivu chake kikaingia weupe. Siku moja tulikuwa Lyulilo, nami nimeshakuwa msichana wa kumsaidia mama kubeba vyungu, akaja mwanamume mgeni kuchagua chungu cha kupikia. Mama akamuuliza anatoka wapi, kama anavyoulizwa mnunuzi yeyote. Akasema Lupembe.

Ambakisye akacheka. "Mbona hilo ni jina la mbwa wetu!"

Mgeni naye akacheka, mtu mpole. Mama hakucheka. Alikiweka chini chungu alichokuwa amekishika.

"Udongo wa huko ukoje?" aliuliza.

Yule mtu alidhani ni swali la mfinyanzi. "Mwekundu, mama. Kwa vyungu sijui, lakini kwa jembe ni laini. Ukichimba hukutani na jiwe."

"Hauna mawe."

"Hauna, mama."

"Na mvua?"

Nilishtuka. Lile neno la mwiko, lililokaribiana na jina la babu, sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Ambakisye akageuka, bibi mmoja aliyeuza samaki karibu yetu akageuka pia.

"Inanyesha sana," mgeni akasema. "Majani hayakauki. Mahali pote pako kijani."

"Ndaga," mama akamshukuru. "Ndaga fijo."

Akampa kile chungu bure. Mgeni alipokwisha kuondoka, mama akaketi katikati ya vyungu na kulia kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya gulio zima. Nikaijua sauti ile. Ndiyo niliyoisikia kila jioni ufukweni kwa miaka yote ile, nikidhani mama anamwita mbwa aje kula. Nilikaa kando yake kwenye mchanga, nikamlilia baba yangu.