Mgongo Wangu na Ntumba ya Kwanza

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, aliinua picha ya mgongo wangu dirishani, akaikodolea macho, kisha akatikisa kichwa kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Alikuwa ameishika juu chini. Mimi, niliyekuwa nimelala mkekani na mto chini ya magoti, niliona vizuri kabisa, lakini sikusema. Nilitaka kuuona mwisho wa ule ujinga.

"Shemeji, mgongo umekwisha," alisema. "Hapa pameoza."

Kidole chake kilikuwa juu ya maandishi ya jina langu.

Picha ile niliifuata Mbeya, baada ya maumivu kunishika kiunoni, yakapita takoni na kushuka mpaka kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto. Nilirudi na bahasha kubwa, ndani yake picha na karatasi ya majibu kwa Kiingereza, na tarehe ya kwenda kumwona daktari hapa mjini Sumbawanga. Kabla tarehe haijafika, kila mtu nyumbani alikuwa amekwisha kuwa daktari. Mwanangu anauza vipuri vya pikipiki pale Milanzi. Aliitafsiri karatasi kwa simu yake, na simu ikatoa maneno mawili ambayo hayakunitoka tena masikioni: uchakavu na kutokeza. Kwa mwanangu, kitu kilichochakaa hubadilishwa. Akaanza kuuliza watu wanaopasua migongo wako hospitali gani.

"Mama, tubadilishe mapema," alinibembeleza.

"Mimi si pikipiki," nilimjibu.

Wanajumuiya nao walikuja. Walileta unga na maharage, wakaimba, wakasali, na katika kusali mmoja akaniombea safari njema. Nilifumbua macho nikamwangalia mpaka akakohoa. Kisha wakamleta mama wa mapacha anikanyage mgongo ili kilichotokeza kirudi mahali pake, maana hiyo ndiyo dawa wanayoijua wengi. Aliweka mguu mmoja tu. Sauti niliyoitoa iliwatoa kuku chini ya ghala, na yule mama akavaa kandambili zake bila kuaga.

Lakini hao wote walinipenda. Shemeji alilipenda shamba.

Shamba langu liko Mollo. Nililima na marehemu mume wangu, na tangu alale nalima peke yangu, mahindi, ulezi na maharage. Sisi Wafipa hatuchomi nyasi tukaita kilimo. Mvua zinapokaribia kuisha, udongo ukiwa bado na maji, tunafyeka nyasi, tunazilaza mviringo, kisha tunageuza udongo kwa jembe na kuzifunika mpaka linasimama tuta la duara. Hiyo ndiyo ntumba. Nyasi zinaozea mle ndani, na mwaka unaofuata tunalitawanya tuta na kupanda kwenye mbolea yake. Ni kazi ya kuinama kutwa, na ndiyo iliyonila mgongo.

Katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja halina mjadala: anayesimamisha ntumba ya kwanza ndiye mwenye shamba msimu huo. Haijaandikwa popote. Mjane asiyeisimamisha, shamba hushikwa na ndugu wa mume, na likishashikwa nimeona mara nyingi kwamba halirudi. Ndiyo maana shemeji alikuwa mpole kiasi kile. Kila alipokuja alinisihi nisiinuke.

"Pumzika, shemeji. Picha imeshasema."

Siku ya daktari nilikwenda na mwanangu, nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Daktari alikuwa binti mdogo, huenda analingana na mwanangu. Aliniamkia shikamoo kabla hajagusa bahasha, kisha akaniuliza nafanya kazi gani, maumivu yanaanzia wapi na kuishia wapi. Akanipima nguvu za vidole vya miguu. Akauliza kama nashindwa kuzuia mkojo au kama nina ganzi sehemu za siri. Nikaona haya, nikasema hapana.

Ndipo akaitundika picha, kichwa juu, mahali penye taa.

"Hizi ni pingili, mama. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto. Mto huu wa chini umesinyaa, na huu umetokeza kidogo ukagusa mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo maana kigimbi kinawaka."

"Umeoza?"

"Nani kasema umeoza?" Alicheka. "Nikiwapiga picha kina mama wa rika lako walioko hapo nje, wengi nitawakuta hivi hivi, na wengine hawaumwi chochote. Picha inaonyesha umbo, mama. Maumivu haiyaonyeshi."

Sijui kwa nini, nilianza kulia. Nilikuwa nimelala mkekani nikijiona maiti, kumbe nilikuwa mama wa rika langu. Baada ya machozi nikapandwa na hasira, na hasira ile ilinifaa kuliko vidonge.

Mwanangu akauliza habari ya upasuaji. Daktari alimweleza bila kumdharau: mguu ukianza kupooza, tutazungumza upasuaji. Mkojo ukigoma au ganzi ikinishika sehemu za siri, nikimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Maumivu yakikataa kabisa kupungua, kuna sindano ya mgongoni, na hata kisu hakijafutwa. Lakini kwa sasa ni dawa za kutuliza, mazoezi na kutembea.

"Na mkeka," akasema, "uuache. Kulala kutwa kunakumaliza."

"Nitalima?"

"Utalima, ila si kwa kuinama kama zamani. Na shika hili: maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, uko salama, endelea. Yakishuka mguuni, acha hapo hapo."

Akanipeleka chumba cha mazoezi, nikafundishwa kulala kifudifudi na kuinua kifua, kupiga goti badala ya kupinda kiuno, kuinuka kwa nguvu za mapaja. Nyumbani niliyafanya asubuhi na jioni. Wajukuu walicheka, nikawatukana, nikaendelea. Nilitembea mpaka kanisani na kurudi, nikitukana kilima kwa Kifipa.

Shemeji hakujua. Akija nilirudi mkekani, nikaweka mto chini ya magoti na kuguna. Uongo huo siutubu. Siku moja akatangaza kwamba Jumamosi atakwenda na vijana kufungua shamba, "kukusaidia tu, shemeji."

Jumamosi nilimtangulia. Jua lilipochomoza nilikuwa Mollo na gunia la kupigia goti. Nyasi nilizilaza mviringo, nikapiga goti, nikaanza kugeuza udongo kidogo kidogo. Haikuchukua muda moto ukashuka mpaka kigimbini. Niliogopa, nasema kweli. Nikaona kisu, nikaona mkeka, nikaona shemeji akivuna ulezi wangu. Nikaacha jembe. Nikasimama, nikashika kiuno kwa mikono miwili, nikajinyoosha nyuma taratibu kama nilivyofundishwa. Moto ukapanda gotini. Ukapanda takoni. Ukatulia kiunoni.

Nikapiga goti tena.

Walipofika, ntumba ilikuwa imesimama. Ilikuwa ndogo na imeegemea upande, mama mkwe wangu angeicheka. Shemeji aliizunguka, akanitazama mimi na gunia langu, akatazama tena ntumba. Vijana waliokuja naye waliangalia chini, kwa sababu nao ni wa ukoo na walijua wameona nini.

"Shemeji," alisema, "mgongo?"

"Ulikuwa umeishika picha juu chini," nikamwambia. "Karibuni. Anzieni pale, mfuate mstari wa ntumba yangu."

Hakuwa na namna. Alivua koti, akashika jembe, akainama kwa kiuno chote kama tulivyolelewa, na nikamsikia akiguna kwenye pigo la pili.

"Piga goti, shemeji," nikamwambia, nikamsogezea gunia.