Bibi alivyoachwa mlimani na gari lenye nyumba

Wakuu, asalaam aleikum kutoka Chundwa, kisiwani Pate.

Mimi husoma tu humu, kuandika naona haya. Tena naandika polepole, niliishia shule ya msingi. Lakini hili ni la kweli, na mashahidi wake wawili wako hapa ukumbini wananitazama: babu na bibi.

Ni miaka ya hamsini. Babu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Lamu. Anapakia papa mkavu ng'ambo ya bara, anampeleka milima ya Taita, anarudi na kabichi.

Safari ndefu, basi akawaomba mafundi wa mashua wamjengee chumba cha mbao nyuma ya lori. Nusu mzigo, nusu nyumba. Kitanda, jiko, pazia. Nyufa wakaziziba kwa pamba na mafuta ya papa, kama mashua.

Harufu yake sitaisema.

Fungate ilipokwisha akamtaka bibi waende pamoja. Bibi hajapata kutoka Pate. Akampa sharti:

"Ntakwenda mara hii moja. Nikiona dhiki, unirudishe kwa mama, na usinifuate."

Njia nzima bibi alikaa nyuma ya pazia. Babu anasema alikuwa akiendesha huku anaomba dua, na si kwa ajili ya gari.

Huko mlimani ni kona juu ya kona, ukungu, upande mmoja shimo. Gari likachemka. Babu akasimama atie maji, bibi akashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi.

Kisha akaona kijito. Maji matamu yanashuka yenyewe mlimani! Kwao Pate maji huvutwa kisimani. Akasogea kunawa uso.

Babu akadhani kesharudi ndani. Akatia gia, akaenda.

Sasa wakuu, kwetu mke hataji jina la mumewe. Bibi akakimbia akiita, "Weye! Ewe bwana! Mwenye gari!"

Babu alisikia, akadhani ni mtu anataka lifti.

Mama mmoja wa Kitaita, ana kuni mgongoni, akamwuliza bibi, "Kwani mumeo hana jina?"

"Analo."

"Basi liweke mpaka afike Wundanyi."

Bibi akajifunika uso kwa buibui, akalitaja. Kwa sauti yake yote.

Lori likasimama. Babu akatia jiwe, akashuka mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Alijua ndoa imekwishia hapo. Akasimama mbele ya bibi.

Bibi akasema, "Sirudi nyuma ya pazia. Ntakaa mbele, na honi nipige mie."

Akakaa mbele mpaka babu alipoacha udereva.

Babu anadakia hapa: "Alipigia honi hata mbuzi!"

"Na weye ulikuwa hutazami ndia," bibi anamjibu.

Nilichojifunza: haya ni nzuri, lakini ukiona gari linakwenda, ita. Ndiyo maana leo nimeandika.

Nilitaka kuliweka jina la babu hapa, bibi kanishika mkono. "Nimelitaja mara moja, yatosha."

Kwenu je, bibi huwaitaje babu zenu? Semeni, nitawasomea hapa wote wawili.