Mwisho Mpya wa Mtambo wa Mwezini

Dada yangu Coletha alifariki Februari mwaka huu wa 1987, tukamzika Ushirombo pembeni mwa baba. Kaburini walimsifu kuwa mwalimu mwema na mtiifu. Wema wake naushuhudia. Huo utii ndio ulionifanya nichukue kalamu, kwa sababu najua ulikotoka.

Alikuwa akifundisha shule ya msingi ya kijiji kimoja kipya, kati ya vile vilivyoanzishwa watu walipohamishwa mwaka 1974. Mwenyekiti alikuwa amepima viwanja kwa kamba ya katani, na nyumba zilifanana mno hata miezi ya kwanza watu walikuwa wakiingia kwa jirani na kuuliza chakula kiko wapi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kazi. Nikakaa kwake.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, Coletha aliwasomea darasa la nne hadithi aliyokuwa akiiandika mwenyewe kwenye daftari. Msichana mmoja anaunda chombo kwa injini ya mashine ya kusaga, anaruka nacho mpaka upande wa mwezi tusiouona. Huko anakuta mji wenye mtambo unaohesabu hatua za watu wote, wakubwa kwa wadogo, nao wanatembea sawasawa kama mguu mmoja. Anayekosea hachapwi. Mtambo unamwita mwanangu, unambembeleza kwa sauti ya upole, mpaka anasahau alikuwa anataka kwenda wapi.

Nilimwambia mtambo wake hautishi. Shetani wa kwenye picha za katekisimu alikuwa na pembe na mkia, ukimwona unamjua.

“Mwenye pembe watoto watamkimbia wenyewe, Klara,” akanijibu. “Huyu asiye na pembe ndiye wa kufundishwa.”

Msichana anaushinda mtambo kwa jambo dogo sana: kila hatua ya nne anasimama, hakanyagi. Mtambo unahesabu, unapungukiwa, unaanza upya, mwishowe unakwama. Watu wa mwezini wanatazamana kama walioamka, na kila mmoja anashika njia yake. Darasa la nne walipenda mwisho huo wakataka usomwe tena na tena.

Kosa lilitokea kwenye mchakamchaka. Kila asubuhi shule nzima ilikimbia kwa mistari huku ikiimba, na siku hiyo alikuwepo mgeni kutoka wilayani, amesimama na mwenyekiti penye mlingoti wa bendera. Darasa la nne walikuwa katikati. Walipofika mbele ya mgeni, wote wakasimama kwenye hatua ya nne. Darasa la tano wakawavaa kwa nyuma, la sita wakawavaa la tano, na vumbi lilipotulia watoto zaidi ya mia walikuwa wamelaliana chini. Mgeni alicheka kwanza. Kisha akamuuliza msichana aliyekuwa karibu naye wanafanya nini.

Alikuwa Limi, mtoto wa jirani yetu. Akajipangusa magoti, akajibu kwa adabu, “Shikamoo. Tunaua mtambo.”

Mchana Coletha aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Onesmo. Mwenyekiti alikuwa ameketi na daftari la hadithi magotini.

“Mwalimu, nyumba hizi nimezipima kwa mikono yangu,” alisema. “Hapa ni mwezini?”

“Hapana, mzee.”

“Basi huo mtambo wanaouua kijijini kwangu ni nani? Ni mimi?”

Coletha alieleza kuwa ni hadithi ya watoto tu. Mwenyekiti akasema watoto wameielewa kuliko mwandishi. Akatoa masharti: mwisho uandikwe upya, mtambo uwe mwema, msichana auombe radhi, na Coletha mwenyewe ausome mbele ya shule nzima. Akikataa, Limi atafukuzwa shule kwa kumwaibisha mgeni wa serikali. Bwana Onesmo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsindikiza hadi mlangoni akamwambia taratibu, “Ni kurasa mbili tu, dada yangu. Ziandike, tupumzike sote.”

Siku tatu Coletha alikaa mezani na kalamu, asiandike hata mstari. Akikataa, mtoto amepotea. Akikubali, atasimama mbele ya mtoto huyohuyo amwambie kuwa alichokipenda kilikuwa kosa. Mama yake Limi alikuja, akapiga magoti mlangoni, akamwita mama kwa Kisukuma, “Mayu, nihurumie,” akaondoka. Tulisali rozari. Mimi nilimwambia utii ni fadhila, kama tulivyofundishwa na masista, na kwamba Mungu anaujua moyo wake. Siku ya nne nilichukua daftari, nikaziandika zile kurasa mbili kwa mwandiko wangu. Aliniacha niandike. Hakunishukuru, wala hakunizuia.

Ijumaa alisoma. Mtambo ukawa mlezi, msichana akalia, akajifunza kuhesabu vizuri, akapangwa mstarini. Bwana Onesmo akaamuru makofi matatu. Watoto mia tatu wakapiga matatu, hakuna lililotangulia wala kuchelewa. Kisha mkono wa Limi ukainuka.

“Mwalimu, sasa mbaya ni nani?”

Mwenyekiti aligeuka kumtazama Coletha. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nikamwona dada yangu akilifunga daftari.

“Keti, Limi,” alisema.

Limi akaketi. Akamaliza darasa la saba salama, ameolewa Geita. Coletha alifundisha miaka kumi na miwili mingine, masomo yaliyomo kwenye muhtasari tu, na hakuwahi kusoma hadithi nyingine.

Alipokuwa akiugua aliniambia kwamba aliliungama jambo hilo kwa mapadri watatu, na wote watatu walimwambia hakutenda dhambi: alimwokoa mtoto. Nilimwambia hiyo ni habari njema.

“Walikataa kunipa kitubio cha kulilipia jambo hilo, Klara,” alisema. “Nimebaki nalo.”

Kurasa zile niliziandika mimi, na mimi sijaziungama.