Tanuri la Emérance

Mwaka 1984, pale Nyakasanza mjini Bunia, Emérance alikuwa na tanuri la mikate lililotumia maganda ya kahawa badala ya kuni. Alilijenga yeye na mumewe, Katsuva, baada ya kuhama kutoka Butembo. Maganda yalijazwa juu, ndani ya pipa la bati lenye shingo nyembamba, nayo yakateremka yenyewe polepole hadi motoni.

Asubuhi ya arusi ya binti wa Lucienne, jirani yao, mikate mibichi ilikuwa imekwisha kuumuka, na moto ukaanza kufifia. Katsuva alichungulia ndani ya pipa.

"Maganda iko mingi," akasema. "Tutafute kuni."

"Ngoja kwanza. Kama iko mingi na moto inakufa, basi haishuke."

Emérance aligonga pipa kwa fimbo. Juu lilitoa sauti nzito, lakini shingoni lililia kama debe tupu. Akaelewa. Mvua ya jana ilikuwa imepenya, maganda yakashikana na kuziba njia. Alichomeka chuma kutoka chini, akachokoa mpaka bonge likaanguka. Kisha akatoa yote yaliyolowa na kujaza makavu. Moto ukanguruma.

Mikate ilifika arusini ingali moto.

"Mama Emérance ndiye alipika," Lucienne akawaambia wageni.

"Na tanuri pia, leo asubuhi moto ilitaka kufa, ni yeye alitengeneza," Katsuva akaongeza kwa sauti kubwa.

Emérance hakuinamisha macho. Alivuta kiti, akaketi katikati ya wageni na kuumega mkate wake mwenyewe.