Kata Kumi na Mbili

Mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuongezeka kwenye barabara ya kusini, sisi wanawake wa Somanga tuliweka meza zetu kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na wanangu wawili, nikaanza kukaanga samaki. Basi likisimama tulikimbilia madirishani, kila mmoja na sinia lake.

Shida yetu ilikuwa choo. Wanaume waliingia vichakani, wakarudi wakifunga mikanda. Sisi tulibana mpaka jua litue, na dawa ya kutobanwa ni kutokunywa. Kikombe cha chai alfajiri, kisha kutwa mbele ya moto na koo kavu. Tulizoea, tukaona ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja nikigeuza samaki, maumivu yakanishika ubavuni. Nimezaa mara mbili, najua uchungu, lakini ule ulinilaza mchangani. Mwenzangu muuza maandazi akaepua karai langu, akatuma watu wamwite mama. Tulipata lori la nazi mpaka hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu. Alinipima, akasema nina kijiwe kwenye figo.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Ya kutosha," nikajibu.

"Mwongo huyo," mama akadakia. "Kata moja tu, tena usiku."

"Kata ni lita ngapi, mama?"

"Mwanangu, kata ni kata."

Daktari alicheka, kisha akanikazia macho. "Lita tatu kila siku. Kijiwe ni kidogo, maji yatakitoa. Usipokunywa, utakwenda kupasuliwa Dar es Salaam."

Niliogopa kisu kuliko maumivu. Njiani nikaapa moyoni kwamba lita tatu nitazinywa, hata kama nitalala nimevimba kama kiriba.

Lakini lita tatu utazijuaje? Nyumbani tulikuwa na debe, na debe hubebwa kichwani, halinywewi. Nilikwenda kwa Mhindi wa duka. Kopo lake la kupimia mafuta ya taa lilikuwa la painti, kipimo cha Waingereza, la tangu enzi za baba yake.

"Painti si lita, dada," akaniambia. "Ukipimia hili utajipunja."

Jibu nililipata barabarani. Miaka ile ndipo abiria walipoanza kunywa maji ya chupa, jambo tulilolishangaa, mtu kununua maji! Wakimaliza waliitupa chupa dirishani. Niliokota moja, ina karatasi iliyoandikwa lita moja na nusu. Nikaisugua kwa sabuni na mchanga, nikampelekea mama. Alichota mtungini kwa kata yake ya kifuu, akamimina taratibu, akihesabu kwa sauti. Kata ya sita ikaijaza mpaka shingoni.

"Basi kumi na mbili," akasema. "Lakini kwa kata yangu hii. Usije ukapima kwa ya jirani, ile imemegeka."

Siku iliyofuata nilirudi mezani na chupa yangu. Jua halijafika utosini nilikuwa nimeimaliza, na nimebanwa siwezi kusimama wima. Nilivuka barabara kwa mwenye hoteli ya chai, nikamwomba choo.

"Cha wateja," akasema, hata hakuinua macho.

Nilirudi nyumbani mbio, samaki wakabaki wanaungua. Nililia kwa hasira. Nilipomaliza kulia nikarudi barabarani, nikasimama mbele ya wenzangu.

"Tuchimbe choo chetu," nikasema.

"Utachimba wewe, na figo hilo?" akauliza muuza maandazi.

"Nitachimba. Mkitaka mniangalie tu, niangalieni."

Nyuma ya meza zetu kulikuwa na kipande cha shamba la mama. Nilidhani atakataa kwa ajili ya minazi yake. Alikuja na jembe begani, akanionyesha pa kuanzia, mbali na kisima. Nilichimba mpaka maumivu yakanirudisha chini. Muuza maandazi akaninyang'anya jembe, naye alipochoka akalichukua mwingine. Mmoja alileta miti, mwingine makuti, mwingine kopo la kunawia. Mwenye hoteli alisimama mlangoni akitutazama. Sisi tukaendelea na kazi yetu.

Nikaendelea kunywa. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, na kata za mwisho nilizimeza kama dawa, mama amesimama mbele yangu. Siku nyingine nilitapika, akanichotea upya. "Hiyo haihesabiki," alisema.

Kijiwe kilitoka asubuhi moja, mle mle chooni, ndani ya makuti, kwenye kopo kuukuu nililokuwa nikikojolea ili nikione. Nilipiga kelele mpaka wakadhani nimeumwa na nyoka. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, cheusi, kina ncha. Mama alikitazama kiganjani mwangu, akasema, "Alhamdulillahi. Kakitupe mbali."

Muuza maandazi naye akaokota chupa yake, halafu na wengine. Na abiria wanawake wakawa wanashuka basi likisimama, wameshika kanga zao, wakituuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali.

"Pita hapa, dada," tuliwaambia. "Maji ya kunawa yamo ndani."