Mgeni wa Angani Niliyempangusa Kamasi

Naona mmeshalisikia kwa wengine, na wameongeza chumvi, basi bora niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyempangusa kamasi mkubwa wa wageni wa angani.

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, wageni kutoka angani walikuwa wanashuka Hanang kutalii. Simba hawakuwataka, walitaka kuona kombaini ikivuna (na wakiiona wanatulia kama watu walio kanisani). Mimi nilikuwa kibarua wa kuwatembeza, na meneja aliniahidi kazi ya kudumu siku hiyo ikienda vizuri. Niliitaka kuliko chakula, maana Mzee Petro, baba yake Paulina, alishasema binti yake haolewi na kibarua, na siku hiyo alikuja mwenyewe kutoka Gitting kuniangalia.

Wakashuka saba. Ilinipasa nimuulize mkalimani wao nani mkubwa, nani mdogo, maana kwetu salamu si mchezo, lakini nikaogopa kuonekana mshamba mbele ya mkwe, basi nikapima kwa macho: wale warefu nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja huku nimeinama, na yule mfupi wa kunifika magotini nikamwambia, "Hujambo, mtoto mzuri," nikambeba mgongoni aione kombaini. Wenzake wakanyamaza. Nikadhani wamependa (akili zangu hizi), nikazidisha: nikamshusha, nikatoa leso, nikamshika pua, nikamwambia, "Haya, penga."

Akapenga.

Mkalimani akaja mbio. "Huyo ni babu yetu. Sisi tukizeeka tunapungua." Kumbe wale niliowainamia walikuwa wajukuu.

Nikapiga magoti kwenye mabua, shikamoo zikanitoka mfululizo, leso bado mkononi. Babu alicheka au alilia, sijui mpaka leo. Meneja akaniambia niende nyumbani nikapumzike, na nilielewa ni mapumziko ya namna gani.

Nikamfuata Mzee Petro. "Shikamoo, baba. Nilikosea kwa kutojua."

Hakuitikia marahaba. Akasema taratibu, "Mzee mwenzangu amepungua, ukamfanya mtoto. Na mimi nikipungua, utanifanyaje?"

Paulina akaolewa na dereva wa kombaini. Tangu hapo nauliza kwanza ndipo naamkia, na kamasi simpangusi mtu, hata wanangu wa kuwazaa wanajipangusa wenyewe.